Gita Lililopita Madhabahuni

Sifaeli Sumari anasuka mota. Ukitaka kumjua anzia hapo, maana hata yeye akiulizwa anaanzia hapo. Unamletea mota ya pampu au ya mashine ya kusaga, imeungua, inanuka. Anakata waya wa zamani, anahesabu mizunguko, anasuka upya, anaichovya kwenye vanishi, anaioka, unaondoka nayo. Kibanda chake kiko Kaloleni, milango mitatu kutoka dukani kwangu, na kwa miaka kumi na tisa tumeazimana bisibisi. Mimi nauza vyombo vya muziki vya mtumba: spika, amplifaya, vinanda vilivyochoka. Yeye anatengeneza, mimi nauza. Sikuwahi kumpunja bei, wala yeye hakuwahi kunipunja kazi. Hilo lieleweke kabla ya mengine.

Siku za kazi Sifaeli hulala chumba cha kupanga nyuma ya uwanja. Jumamosi hupanda gari kwenda kwake Kikwe, kwa mkewe Magreth, kwenye migomba na mahindi. Kanisani kwao, kanisa dogo la Kilutheri, alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndiye aliyeendesha mnada.

Mnada wenyewe uko hivi. Asiye na fedha hutoa alichonacho: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo, maziwa kwenye chupa ya soda. Vitu vinapita madhabahuni, vinaombewa, na ibada ikiisha vinapigwa mnada uani, fedha inaingia kanisani. Mimi ni Mwarusha wa Elerai, nina usharika wangu, lakini msimu wa sikukuu ya mavuno huzunguka makanisa ya upande wa Meru. Watu hutoa redio ya marehemu baba au spika iliyopasuka. Wao hawajui bei yake. Mimi naijua.

Sheria ya mnada ule Sifaeli alikuwa akiitamka kila mara kabla ya kuanza: kilichopita madhabahuni hakirudi. Mwaka fulani mjane mmoja aitwaye Agnela alikuja mbio uani, kanga ikimvuka. Mtoto wake alikuwa amebeba kuku siye. Badala ya jogoo alimleta tetea aliyekuwa ameanza kutaga, kuku pekee wa maana pale nyumbani.

"Mzee Sumari, nibadilishie, jogoo huyu hapa," Agnela alisema.

"Mama, ameshaombewa," Sifaeli akamjibu. "Nikikurudishia wewe, kesho mwingine atadai ng'ombe."

Akampiga mnada yule tetea mbele ya mwenyewe. Nilikuwepo. Nilimnunua mimi.

Sasa gita. Sifaeli alipokuwa kijana alipiga besi kwenye bendi ya vijana iliyozunguka kwenye kumbi za Arusha na Usa River. Gita aliachiwa na mmisionari Mmarekani aliyerudi kwao. Lilikuwa gita la besi la mwaka sitini na sita, nyuzi nne nene, rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa rangi ya siagi. Bendi ilikufa, wenzake wakafa mmoja mmoja, gita likabaki. Alilitundika kwenye msumari sebuleni Kikwe, na Jumamosi jioni alilichomeka kwenye amplifaya ndogo niliyomuuzia mimi. Majirani walisema bati la nyumba yake linatetemeka kama mvua inakuja.

Halafu likafa. Chini ya nyuzi za gita la umeme kuna kipande chenye sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Mafundi wanakiita pikapu. Ndicho kinachosikia uzi ukitikisika. Ya gita lile ni vipande viwili vidogo, kila kimoja kinasikia nyuzi mbili. Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimeingia unyevu, waya ukaota kutu ya kijani ndani kwa ndani na kukatika pasipoonekana. Miaka kumi na moja gita lile lilikuwa na nyuzi mbili zinazosema na mbili mabubu.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, aliniita kibandani kwake akanionyesha mkono wa kushoto. Kidole cha pete kilikuwa kimeanza kukakamaa.

"Saning'o," aliniambia, "hiki kikigoma sina besi tena. Nataka nilisikie zima kabla hakijagoma."

"Nikuagizie pikapu mpya ya Kichina. Kabla ya Jumamosi imefika."

"Nimesuka mota za watu maisha yangu yote. Nishindwe na kijikoili kama kiberiti?"

Akalifungua, akazing'oa pikapu zote mbili, akaja nazo mjini. Gita lenyewe akaliacha Kikwe kwenye msumari wake, na shimo tumboni.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la fundi mota. Alisuka, akachovya kwenye vanishi, akaoka, kama alivyofanya na mota elfu. Kiunzi cha pikapu ni plastiki ya zamani. Kikajikunja kama jani la mgomba juani. Akachonga kingine kwa faiba, ile karatasi ngumu ya kuhamia umeme ndani ya mota. Waya aliagiza Nairobi, roli moja, akafunga kile kiunzi kwenye gurudumu la cherehani ya mkono, na pembeni akaweka namba za kuhesabia alizozitoa kwenye tepurekoda mbovu. Anazungusha kwa mkono wa kulia, waya unapita katikati ya vidole vya kushoto kwenye kipande cha blanketi. Ukibana unakatika, ukilegeza unajirundika. Unakatika kwenye mzunguko wa elfu sita, anaanza sifuri. Nilimwambia aunge pale ulipokatika. Akaniangalia kama nimemwambia aweke mchanga kwenye uji.

Ulikatika mara nne. Mara ya nne nilikuwepo. Gari lilipiga honi barabarani, mkono ukashtuka, basi. Tangu siku hiyo akisuka pikapu anafunga mlango na kuzima simu.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya kuamkia sikukuu ya mavuno simu yake ilikuwa imezimwa.

Kule Kikwe mahindi yalikuwa yamekauka, masika yalikata mapema. Sifaeli alikuwa amemwahidi mkewe atakuja na mchele na sukari kutoka mjini, viwe sadaka yao, maana siku ya mavuno majina ya nyumba za jumuiya husomwa moja moja na kila nyumba inapita mbele na ilichonacho. Nyumba ya mzee wa kanisa haipiti mikono mitupu. Magreth alimpigia tangu asubuhi. Alipiga mpaka magari ya mwisho ya kutoka mjini yakapita. Mumewe alikuwa kwenye mzunguko wa elfu tisa, mlango umefungwa.

Jumapili jina lilisomwa. Magreth akapita mbele amebeba gita.

Sikumlaumu hata siku moja. Aliona ubao ulioning'inia miaka kumi na moja, sasa hata matumbo umetolewa. Aliona mume aliyeahidi mchele hakuja. Mtu anapima kwa kilichopo mbele yake.

Sifaeli akiwa hayupo, mnada uliendeshwa na mwinjilisti Elihuruma, mtu wa maneno. Alilinyanyua gita kwa shingo kama sungura.

"Wapendwa, hiki ni chombo cha muziki. Ukishindwa kukipiga, utapigia mbwa."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akachungulia lile shimo. "Mwinjilisti, hili limefanyiwa operesheni na halikushonwa."

"Elfu tano," mwenye kibanda cha chipsi akasema.

Nililijua gita lile kama ninavyojua mlango wangu. Nilijua ni la nani, na nilijua kilichotoka kwenye shimo lile kiko wapi. Magreth alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu. Ningeweza kumuuliza, Mama Nelson, mzee anajua? Sikumuuliza. Nilinyoosha mkono, na kwenye elfu arobaini na tano wengine wakanyamaza.

Jioni nilimpigia Lucky, mtu wa Dar es Salaam anayenunua magita ya zamani na kuyapeleka nje kwa watu wanaoyatunza kwenye makabati. Nilimtumia picha ya namba iliyoko kwenye bati la nyuma.

"Pikapu ya asili ipo?"

"Ipo."

Akataja bei. Kwetu bei kubwa tunaihesabu kwa mifugo: ilikuwa ng'ombe sita wazuri.

"Ila kama pikapu haipo, kaka, usinisumbue. Bila hiyo ni meza."

Jumapili hiyohiyo mchana Sifaeli alikuwa ameshuka Kikwe, pikapu zake mbili mfukoni mwa shati, zimechovywa kwenye nta ya nyuki, zimekauka. Alikuwa amezipima kwa mita: mpya inasoma sawa na ya zamani. Akaingia sebuleni, akakuta msumari.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Liko wapi?"

Nikamwonyesha. Hakuligusa.

"Ulilijua," akasema.

"Nililijua."

"Ukanyoosha mkono."

"Nisingenyoosha mimi, angelichukua mtu wa chipsi akalipikia."

"Nikurudishie ulichotoa, na kidogo juu yake."

"Mzee, biashara haiendi hivyo."

"Najua inavyokwenda. Nimekuuliza tu."

Nilisubiri aseme kwamba mkewe alitoa bila idhini yake, kwamba ataongea na mchungaji. Angesema hivyo ningelirudisha. Sina nguvu ya kugombana na usharika mzima, na minada ya mavuno ningeikosa. Hakusema. Alivuta kiti cha plastiki akakaa.

"Kuku wa Agnela," akasema mwenyewe. "Ningekuwa nilimrudishia yule kuku, leo ningekwenda kwa mchungaji."

Nikaona amejifunga kwa kamba yake. Mtu akijifunga mwenyewe, humfungui, unaongea bei.

"Basi niuzie hizo zilizoko mfukoni. Nitakupa bei ya mota tatu."

"Siuzi. Hizi hazikupita madhabahuni."

"Gita lilipita, mzee. Hizo si kitu cha pembeni, ni sehemu yake."

Akapapasa mfuko wa shati.

"Hata Anania alitoa," nikamwambia. "Shida ilikuwa kile alichobakiza."

Nilisema vile kama mtu anavyosema kitambaa kina doa ili ashushe bei. Lakini kwa mtu aliyesoma kitabu kile tangu kipaimara, Anania si mfano wa dukani. Anania alianguka akafa miguuni pa mitume. Sifaeli akasimama, akafunga kifungo cha mfuko wa shati, akaondoka. Nikajua nimepata. Sikujua nitapata kwa njia gani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena Kikwe. Kikapu cha sadaka kilipopita mbele yake, Sifaeli akafungua kifungo, akaweka kile kifurushi cha kitambaa. Ibada ikaisha, tukatoka uani, na safari hii mwenye mnada alikuwa yeye. Aliuza mayai, akauza mkungu. Kisha akafungua kitambaa, akazishika zile pikapu mbili kwenye kiganja.

"Wapendwa," alisema, "wiki iliyopita nyumba yangu ilitoa sadaka pungufu. Hiki ndicho kilichobaki."

Hakuna aliyecheka. Kikwe ni pakubwa lakini maneno hufika haraka. Kila mtu alikuwa ameshajua gita liko kwa nani.

"Elfu tano," nikasema, sauti ya mtu anayenunua nyanya.

"Elfu kumi." Alikuwa Magreth.

Sifaeli hakumtazama. "Elfu kumi kwa mama."

"Kumi na tano."

"Ishirini."

Nilidhani ataishia hapo. Lakini wanawake wa umoja wao wakasogea nyuma yake, mmoja akasema, "Panda, Mama Nelson, tupo." Nilimwona hata Agnela akifungua pindo la kanga. Thelathini, arobaini, hamsini. Mtu wa chipsi naye akaacha kutafuna. Kwenye sabini nikaelewa kwamba nikienda kwa ngazi, kila ngazi mmoja wao atachomoa kitu. Watu wengi wenye kidogo hawashindwi taratibu. Unawashinda kwa mara moja, kabla hawajaulizana.

"Laki tatu," nikasema.

Magreth aligeuka akawatazama wenzake. Mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole, akaacha.

"Laki tatu," Sifaeli akasema. "Mara ya kwanza."

Akamtazama mkewe, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mara ya pili."

Alikaa muda mrefu kuliko mnada unavyoruhusu. Nilitaka kumkumbusha. Haikuhitajika.

"Mara ya tatu."

Akanipa kile kitambaa mkononi, akanyanyua chupa ya maziwa, akaendelea. Nilipokuwa nalipa, Magreth alipita karibu yangu.

"Baba Joyce," akaniambia bila kupaza sauti, "kuku wangu wako kule nyumbani. Mbona huwaulizii bei?"

"Wanauzwa?"

"Kwani gita lilikuwa linauzwa?"

Nikachukua risiti yangu, nikaondoka.

Lucky alifika Alhamisi, miwani juu ya kichwa, begi gumu la gita mgongoni. Kazi ya kufunga pikapu sikuwa na wa kumpa mwingine. Nilikwenda kibandani kwa Sifaeli nikamwambia kuna kazi. Akauliza kazi gani kana kwamba hajui, akataja bei, bei ileile anayotoza kuunga waya wa pampu. Akaja na pasi yake ya kulehemu.

Alifanya kama anavyofanya kila kitu. Aliunga, akafunga skrubu nne, akachomeka amplifaya. Kisha akachukua bisibisi, akaigusisha pikapu ya kwanza, spika ikasema *tup*. Akagusa ya pili: *tup*, nzito vilevile. Miaka kumi na moja ya kusubiri na miezi ya kusuka, jibu lake lilikuwa ndilo hilo.

"Inasema," akasema, na kuzima.

Lucky alikuwa ameinama na tochi ya simu. "Mzee, hii ya chini mbona kiunzi chake ni kipya?"

Nilimkazia Sifaeli macho. Alikuwa anakunja waya wa pasi yake.

"Nimesuka upya. Ilikuwa imekufa."

"Aah." Lucky akanigeukia mimi. "Kaka, uliniambia ya asili."

"Ya asili ilikuwa mbovu. Hii nzima. Ni bora."

"Kwako. Wateja wangu wanataka iliyotoka kiwandani hata ikiwa mbovu. Iliyosukwa Kaloleni ni kasoro." Akamtazama Sifaeli. "Usinielewe vibaya, mzee wangu. Kazi safi. Lakini kwenye soko ni kasoro."

Ng'ombe wawili wakaanguka palepale. Sifaeli alisikia neno lile la kasoro. Aliliachia lipite, akafunga kisanduku chake.

Nilikuwa na njia moja. Lucky anajua bei lakini pia ana masikio. Akisikia nyuzi zote nne zinalingana, kasoro inapungua, na Arusha nzima alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuziliza nyuzi zile ipasavyo.

"Mzee," nikamwambia, "piga kidogo. Wimbo mmoja wa zamani. Asikie."

Nikawasha tena amplifaya, nikalinyanyua gita mezani nikamnyooshea. Lilikuwa sentimita kumi kutoka mikononi mwake. Lilikuwa zima, lilikuwa limechomekwa, hakuna aliyemkataza.

"Mimi ni fundi wa mota," akasema.

"Mzee Sumari."

"Umeniita kuunga. Nimeunga."

Lucky akalichukua mwenyewe, akapiga kama mtu anayejaribu godoro. Hata hivyo duka lilitetemeka, glasi ya chai ikatembea juu ya meza. Sifaeli alikuwa amefika mlangoni, mgongo kwetu.

"Uzi wa tatu umeshuka sauti," akasema, akaenda zake.

Lucky alilichukua kwa ng'ombe wanne. Nilipata faida ambayo sijawahi kuipata kwenye kitu kimoja, siwezi kusema vinginevyo. Nimeezeka upya nyumba ya Elerai.

Sifaeli ameacha uzee wa kanisa; anakaa benchi la nyuma na mkewe, na mnada unaendeshwa na Elihuruma. Mara moja nilikwenda tena, nikanyoosha mkono kwa redio moja. Mwanamke mmoja akapandisha. Nikapandisha, akapandisha mwingine. Iliuzwa kwa bei ambayo hata mpya haifiki, na walionunua walikuwa wanatabasamu. Sirudi tena. Sina sababu ya kulipa ili nichekwe.

Nilipita nyumbani kwao siku moja kupeleka pampu ambayo Sifaeli alimtengenezea jirani yao. Sebuleni, kwenye ule msumari, Magreth ametundika ungo.

Hivi sasa dukani kwangu kuna magita matano ya umeme mabubu, matatu kati yake ya zamani, ya bei. Pikapu zimekufa. Nimeuliza Moshi, nimeuliza mafundi redio wote wa sokoni. Wanaunga waya, wanachovya kwenye gundi, wanazidi kuua. Mwezi uliopita nilizifunga kwenye kitambaa nikaenda milango mitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikafungua kitambaa juu ya meza yake. Ile cherehani ya kusukia ilikuwa pale pembeni, sasa imefungwa roli la waya mnene wa mota, zile namba za tepurekoda zimeng'olewa. Alizitazama pikapu zangu kwa muda wa kutosha. Kidole chake cha pete kilikuwa kimesimama chenyewe, hakijikunji tena na wenzake.

"Taja bei," nikamwambia. "Yoyote. Sibishani."

Alinirudishia kitambaa, akavuta karibu mota ya mashine ya kusaga iliyoungua, na kuanza kukata waya wake wa zamani, akihesabu.